Nyimbo za Japani Zilizosafiri na Upepo wa Kusi

Mwimbaji wa nyimbo za jadi za Kijapani akipanda jukwaani, kinachotangazwa kwanza ni mahali: huu ni wa Sado, huu ni wa Tsugaru, huu ni wa Akita, huu ni wa bonde la Gokayama. Vitabu vimezipanga nyimbo hizo kwa mikoa, na wasikilizaji nao huzipokea kwa mikoa. Utaratibu huo nauheshimu, maana watu wameshikamana na makwao kupitia nyimbo hizo. Lakini kadiri ninavyozisikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mkoa ulioandikwa kwenye wimbo ni bandari uliyotia nanga mara ya mwisho. Anayetaka kujua asili ya wimbo aulize kwanza mikono ya waliouimba ilikuwa ikifanya kazi gani.

Chukua Ushibuka. Ni mji wa wavuvi kwenye ncha ya kusini ya visiwa vya Amakusa, mkoa wa Kumamoto, upande wa magharibi wa kisiwa cha Kyushu. Zama za matanga, vyombo vilivyopita pwani hiyo viliingia hapo kungoja upepo. Upepo wa kusi, ambao watu wa Kyushu huuita hae, ndio uliovisukuma kwenda kaskazini. Usipovuma, mabaharia hukaa siku nyingi bila kazi, na mji mzima huishi kwa kuwalisha, kuwanywesha na kuwaburudisha. Anayeijua Lamu ya wakati wa majahazi hana haja ya kuelezwa mji wa namna hiyo ulivyokuwa. Katika nyumba za vinywaji za Ushibuka wanawake walipiga shamiseni, ile ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi, wakaimba wimbo wa kasi, wa kurukaruka, unaofunguka kwa ukelele mmoja: Haiya! Ndio Ushibuka Haiya Bushi. (Bushi ni lahani, utaliona neno hilo kila mahali katika nyimbo hizi.)

Kusi lilipovuma, wimbo ulipanda chomboni pamoja na mabaharia. Uliingia bandari moja baada ya nyingine kwenye pwani ya Bahari ya Japani, na kila bandari ikauimba kwa lafudhi yake. Katika kisiwa cha Sado ulipoa, mwendo ukawa wa taratibu, ukajulikana kuwa Sado Okesa, kisha watu wa mgodi wa dhahabu wa Aikawa wakauingiza kazini, kwenye kuchambua mawe yenye madini. Kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu cha Honshu, katika nchi ya theluji ya Tsugaru, "haiya" ikageuka "aiya", na shamiseni ya huko, ambayo kibao cha kuchezea nyuzi hupigwa juu yake kwa nguvu hadi ngozi ikalia kama ngoma, ikaufanya mzito na mkali. Hata Awa Odori, ngoma inayojaza mitaa ya Tokushima kila Agosti, huhesabiwa kuwa ya ukoo huohuo. Ukisikiliza ule wa Ushibuka na ule wa Sado kwa kufuatana, mara ya kwanza hutasadiki kwamba ni ndugu. Usikate tamaa. Rudia, ufuatilie namna lahani inavyoshuka mwishoni mwa kila mstari, na undugu utaanza kujitokeza.

Aliyezifuata nyayo hizi kwa bidii ya pekee ni Machida Kasho (1888–1981), mwanamuziki na mtafiti aliyekwenda vijijini na mashine ya kurekodia enzi ambazo mashine hizo zilikuwa mzigo wa kweli. Kazi yake kubwa, iliyotolewa na shirika la utangazaji la NHK, ilianza kuchapishwa mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, na iliendelea kwa miongo kadhaa. Machida aliweka noti za bandari moja kando ya noti za bandari nyingine, na ukoo wa Haiya ukaonekana kwenye karatasi.

Kuna sababu ya kiufundi iliyozirahisishia nyimbo hizi safari, na msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataishika upesi. Ubeti wa nyimbo nyingi za Kijapani una mizani 26: 7, kisha 7, kisha 7, kisha 5. Hauna vina, lakini mizani zake zinahesabiwa barabara. Kwa hiyo ubeti uliotungwa na mvuvi wa kaskazini unaingia bila taabu katika lahani ya mchunga farasi wa milimani, na kinyume chake. Maneno yana safari yao na lahani ina safari yake. Ndiyo maana ubeti uleule unaweza kuukuta katika nyimbo mbili za mikoa iliyo mbali kabisa, kila mkoa ukiapa kwamba ni wake.

Sasa niende kwenye wimbo ninaoupenda kuliko wote. Nitakaa nao kidogo.

Njia ya Nakasendo iliunganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto kwa kupita milimani. Chini ya volkano ya Asama kilikuwepo kituo kiitwacho Oiwake, mahali njia ilipogawanyika, tawi moja likielekea Bahari ya Japani. Waongoza farasi wa mizigo waliimba wakitembea kando ya wanyama wao. Kazi ya namna hiyo haihitaji mapigo ya pamoja, maana mtu yuko peke yake na farasi wake, na mbele yake ni bonde. Sauti inaachiwa iende itakako, inavutwa hadi pumzi iishe, ndipo mtu avute nyingine. Wanawake wa nyumba za wageni pale kituoni waliuchukua wimbo huo wakauongezea shamiseni, na wasafiri wakaondoka nao. Ukafika Echigo, mkoa wa Niigata wa leo, ukashuka pwani, ukaingia katika vyombo vilivyoitwa kitamaebune.

Vyombo hivyo vilitoka Osaka, vikapita bahari ya ndani ya Seto, vikazunguka magharibi, vikapanda kaskazini hadi kisiwa cha Hokkaido. Nahodha hakuwa mchukuzi wa mizigo ya watu tu, alikuwa mfanyabiashara: ananunua chumvi hapa, anaiuza kule, ananunua mchele, pombe, pamba, nguo kuukuu. Kurudi kusini alibeba mwani wa kombu na samaki wa heringi waliokaushwa. Heringi hao wengi hawakuliwa. Walikuwa mbolea ya mashamba ya pamba, na ya nili ya Tokushima. Kwa hiyo kanzu ya buluu ya mkulima wa magharibi mwa Japani ilikuwa na samaki wa kaskazini ndani yake.

Mwisho wa safari hiyo palikuwa na bandari ya Esashi, kusini mwa Hokkaido. Msimu wa heringi pesa ilimwagika hapo kiasi cha kuzaa msemo kwamba Mei ya Esashi haipatikani hata Edo. Hapo wimbo wa farasi ukawa wimbo wa bahari, Esashi Oiwake. Wenyeji husimulia habari za kipofu mmoja, Sanoichi, kwamba ndiye aliyeupa sura yake. Ubeti wake mashuhuri unamweka msafiri chomboni: anashtushwa usingizini na mlio wa shakwe, anauliza, je, ile ndiyo milima ya Ezo? Ezo ni jina la zamani la Hokkaido.

Namna unavyoimbwa ni hii. Mwimbaji anasimama, pembeni yake mpulizaji wa shakuhachi, zumari la mwanzi. Hakuna ngoma wala kuhesabu. Wimbo umegawanywa vipande saba, na kila kipande kinaimbwa kwa pumzi moja. Mizani 26 zinachukua zaidi ya dakika mbili. Silabi moja inapandishwa, inatikiswa, inakatwa kidogo kooni, inaangushwa, inanyanyuliwa tena, na shakuhachi inaifuata nyuma kama inaitafuta. Mwingine anaitikia kwa sauti ya chini: soi, soi. Anayeusikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani mwimbaji anajitungia papo hapo. La hasha. Kila mtikiso una mahali pake, na mwanafunzi huweza kukaa miaka juu ya kipande cha kwanza.

Tangu mwaka 1963 Esashi wana mashindano ya taifa ya wimbo huu mmoja tu. Watu huja kutoka kila pembe ya Japani, hata ng'ambo, kuimba ubeti uleule mmoja baada ya mwingine, na waamuzi husikiliza siku nzima. Mwanzoni mwa karne ya 20 walimu wa mji huo walikuwa wamekwisha afikiana namna moja ya kuuimba na namna ya kuuchora kwa mistari. Kwa maoni yangu hatua hiyo imeuokoa wimbo na pia imeupunguza. Zamani kulikuwa na Oiwake ya mabaharia, ya mafundi mbao, ya wanawake wa nyumba za starehe, kila kundi na mikogo yake. Leo kuna iliyo sahihi. Nasikiliza rekodi za zamani zenye mikwaruzo, za sauti zilizokwaruzwa na chumvi, na naziona zina kitu ambacho mshindi wa mashindano, kwa ufundi wake wote, hukikosa.

Mtafiti mwingine, Koizumi Fumio, aliigawa mitindo ya kuimba ya Japani makundi mawili, lile lenye mapigo na lile lisilo na mapigo, na hili la pili akalipa jina la Oiwake. Mgawanyo huo unaniridhisha kwa sababu unarudi kwenye kazi. Wanaofanya kazi pamoja lazima wapige pigo moja. Anayetembea peke yake anaweza kupaa.

Mfano wa kazi ya pamoja uko jirani tu na Esashi. Mwaka 1897 Hokkaido ilivua karibu tani 970,000 za heringi, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa tena. Kila mwanzo wa mwaka vijana wa Aomori, Akita na Iwate waliacha mashamba yaliyofunikwa na theluji wakaenda kufanya vibarua kwa matajiri wa uvuvi. Samaki walipofika kutaga, bahari karibu na ufuko ilibadilika rangi, ikawa nyeupe kwa shahawa zao. Hapo hapakuwa na kulala.

Kazi hiyo ilikuwa na nyimbo nne kwa mfuatano. Mmoja wa kupiga makasia kwenda kwenye wavu. Mmoja wa kuunyanyua wavu, wenye maneno mafupi ya kukata, kwa sababu mgongo ndio unaobeba. Wa tatu ni wa kuchota samaki kwa wavu mdogo wenye mpini mrefu na kuwamimina chomboni, tena na tena, usiku kucha; huu ndio Soran Bushi, ambao leo kila Mjapani anaujua. Wa nne ni wa kupiga nyavu kwa fimbo ili mayai yaliyonasa yadondoke. Ukiuchukua ule wa tatu peke yake ukauimba jukwaani unapata wimbo mchangamfu wenye "yaren soran, soran" nyingi. Ukiurudisha katikati ya ndugu zake watatu unaisikia kazi yenyewe: mkono unapozama, unapojaa, unapomwaga. Kiongozi alitunga beti papo hapo, nyingi za matusi, maana aliyecheka hakusinzia, na aliyesinzia angeweza kutumbukia kwenye maji ya barafu. Ubeti uliobaki kuwa maarufu ni wa heshima zaidi: nilimwuliza shakwe kama heringi wamefika, akanijibu, mimi ni ndege wa kuruka, kawaulize mawimbi.

Jambo moja lisipitwe. Ufuko huo ulikuwa wa Waainu, wenyeji wa Hokkaido, na kabla ya vibarua hawa wa kutoka kusini wafanyabiashara waliopewa vituo vya uvuvi na utawala wa Matsumae, mabwana wa Kijapani wa kusini mwa kisiwa hicho, waliwatumikisha Waainu kwa nguvu. Waainu wana nyimbo zao, upopo, zinazoimbwa na wanawake waliokaa duara wakigonga kifuniko cha chombo, sauti moja ikianza kabla ya nyingine kumaliza, hadi hujui mwanzo uko wapi. Kitabu kinachoandika "nyimbo za Hokkaido" halafu kikaanza na Soran Bushi kimeanza katikati ya habari.

Katikati ya miaka ya 1950 heringi walitoweka pwani hiyo. Wimbo ulibaki bila samaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shule moja ya sekondari ya chini huko Wakkanai, mji wa kaskazini kabisa, ilianza kuucheza kwa magitaa ya umeme ya mwimbaji Ito Takio: watoto wamechuchumaa chini kabisa, mapaja yanatetemeka, mikono inavuta nyavu zisizoonekana. Siku hizi unachezwa kwenye sikukuu za michezo katika shule nyingi za Japani. Wapo wanaoubeza mtindo huo. Mimi nauona una haki yake, kwa sababu unawachosha wachezaji, na uchovu ule ni wa wimbo wenyewe.

Nyimbo hizo za bahari zilitembea kwa sababu waimbaji wake walitembea. Huko Itsuki, milimani Kumamoto, ilikuwa kinyume. Ardhi ilimilikiwa na koo chache za mabwana, waliobaki walipanga mashamba kwao. Wasichana wadogo wa maskini, wengine wa miaka saba au minane, walipelekwa kulea watoto wa wenye mali, ujira wao mara nyingi ukiwa ni chakula na mdomo mmoja kupungua nyumbani. Wimbo wao, Itsuki no Komoriuta, huitwa wa kubembelezea mtoto, lakini mtoto hayumo. Aliyemo ni yaya. Anasema yuko hapa hadi Bon, sikukuu ya majira ya joto ya kuwakumbuka wafu, ikipita hatakuwepo. Bon ikiwahi, atawahi kurudi kwao. Anasema yeye ni fukara, wale ni watu bora, wana mishipi mizuri na kimono nzuri. Anauliza nani atamlilia akifa, na anajijibu: nyenje wa msitu wa misonobari nyuma ya nyumba. Kisha anaomba azikwe kando ya njia, wapitao wamwekee ua la kamelia, na maji yatatoka mbinguni.

Huimbwa kwa sauti ya chini, mgongoni kuna mzigo wa mtoto anayelia, na kila beti ni malalamiko ambayo bibi wa nyumba hawezi kuyakataza, kwa kuwa kwa nje ni kubembeleza. Redio iliusambaza nchi nzima baada ya vita, ukilainishwa na vyombo vya Kimagharibi. Wenyeji wa Itsuki wana namna yao, kavu zaidi, isiyo na utamu ule, na ndiyo ninayowasihi watu waitafute. Takeda no Komoriuta, wa Kyoto, ni wa yaya pia. Ulivuma sana mwaka 1971 kwa sauti za kundi la Akai Tori, halafu vituo vya utangazaji vikaukwepa kwa miaka kwa sababu ulitoka katika mtaa wa watu waliobaguliwa kwa ukoo wao.

Kijiji cha Itsuki chenyewe kimeishi chini ya mpango wa bwawa la mto Kawabe tangu mwaka 1966. Kitovu chake kilihamishiwa juu ya mlima. Mwaka 2008 gavana wa Kumamoto alilipinga bwawa na mpango ukasimama. Mafuriko makubwa ya Julai 2020 yakaurudisha kwa sura nyingine. Inaniuma kwamba watu waliokwisha hamishwa wameishi miaka yote hiyo wakingoja kuambiwa walihama kwa ajili ya nini.

Ziko nyingine ninazozipita haraka ingawa zinastahili kurasa. Watengenezaji wa sake, pombe ya mchele, waliimba wakisaga mchanganyiko wa mchele usiku wa baridi kali, na idadi ya beti ndiyo iliyokuwa saa yao: beti zikiisha, kazi hiyo imetosha. Wanawake vipofu wa Echigo, goze, walitembea vijijini kwa makundi, mkono begani kwa aliye mbele, wakiacha nyimbo kila walipolala. Mashuhuri wa mwisho, Kobayashi Haru, alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 105. Na si kila wimbo wenye anwani una mizizi: Chakkiri Bushi, ambao wengi huudhani wa kale wa wachuma chai wa Shizuoka, ulitungwa mwaka 1927 kutangaza biashara ya kampuni ya reli, maneno na mshairi Kitahara Hakushu, lahani na Machida yuleyule aliyekusanya nyimbo za kweli. Simlaumu. Wimbo ni mzuri, na wachuma chai waliupokea.

Tanko Bushi ulitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Tagawa, mkoa wa Fukuoka, kwa wanawake waliochambua makaa na mawe kwa mikono. Unasema mwezi umechomoza juu ya mgodi, na dohani ni ndefu kiasi kwamba mwezi lazima unakereka na moshi. Dohani mbili za Tagawa, zilizojengwa mwaka 1908 na kupita mita 45 kwa urefu, bado zimesimama. Kila mtaa wa Japani unaocheza ngoma za Bon majira ya joto hucheza wimbo huu, na hatua zake ni kazi tupu: chimba, chimba, beba begani, beba, futa jasho, sukuma toroli.

Nyimbo hizi zimevuka hata bahari kuu. Mwaka 1885 vibarua wa kwanza wa mkataba kati ya serikali mbili walifika Hawaii kukata miwa, wengi wao wakitoka Hiroshima na Yamaguchi. Mashambani walitia maneno mapya katika lahani za kwao, wakapata Holehole Bushi, uliopewa jina kwa neno la Kihawaii la kupukusa majani makavu ya muwa, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake. Mizani ni zilezile: tulikuja tukiiota Hawaii, sasa machozi yanatutiririka ndani ya miwa. Miaka ya 1960 mwalimu wa muziki wa Honolulu, Harry Urata, alizunguka kwa wazee na kinasa sauti kabla hawajaondoka na beti zao. Mashamba yale ya miwa yamekwisha fungwa yote. Ngoma za Bon hazijafungwa: kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, mahekalu ya Kibudha ya Hawaii hupokezana wikendi kuziandaa, na katika visiwa visivyo na mgodi hata mmoja wa makaa ya mawe watu wa kila asili huzunguka mnara wa ngoma wakichimba, wakibeba begani, wakifuta jasho na kusukuma toroli.